Kasi ya Picha Huamuliwa Kabla ya Kurekodi

Vijana wengi wanaotengeneza video za nyimbo hapa Unguja na Pemba hurekodi kila kitu kwa mwendo wa kawaida, kisha hupunguza kasi wakifika kwenye kompyuta. Hapo mtandio unaopepea hutoka ukirukaruka, na mdomo wa mwimbaji huachana na wimbo. Uhariri hauwezi kurudisha picha ambazo kamera haikuzipiga.

Kwa kawaida yetu video huonyeshwa kwa fremu 25, yaani picha moja moja 25, kwa sekunde. Ukirekodi kwa fremu 50 na kuzionyesha kwa 25, sekunde moja inakuwa mbili. Kwa kijana anayejitupa baharini pale Forodhani, fremu 100 zinapendeza zaidi.

Kazi yenyewe iko kwa mwimbaji. Unamtaka aonekane anaimba sawasawa huku upepo, nguo na mawimbi vikienda polepole. Basi mchezee wimbo kwa kasi maradufu, aimbe kwa haraka hiyo hiyo, na kamera irekodi kwa fremu 50. Ukishapunguza kasi, midomo inaangukia kwenye wimbo halisi na kila kitu kingine kinaelea. Kujua wimbo uongezwe kasi mara ngapi, gawa fremu za kurekodia kwa fremu za kuonyeshea. Nakala hiyo ya wimbo wa kasi iombeni studio mapema, iongezwe kasi bila sauti kupanda, na itanguliwe na milio minne ya kuhesabia; bila milio hiyo mwimbaji huchelewa neno la kwanza kila mara.

Taarab ya taratibu inalikubali jambo hili vizuri. Singeli, yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, haikubali, maana hakuna ulimi utakaoifuata ikiongezwa maradufu. Huko geuzeni: wimbo uchezwe kwa nusu ya kasi, rekodini kwa fremu 25, kisha ongezeni kasi mara mbili kwenye kompyuta. Hapa uhariri haudhuru, kwani unapunguza picha tu. Mwimbaji atakwenda na mapigo, na watu wa Darajani nyuma yake watapita mbio kama siafu.

Mwanga nao una bei yake. Fremu 50 kwa kawaida hutaka shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila fremu, ya sekunde 1/100 badala ya 1/50, na hivyo nusu ya mwanga inapotea. Vichochoro vya Mji Mkongwe huwahi kuingia giza, kwa hiyo vipigeni mchana.

Ndani ya ukumbi, angalieni umeme. Wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Simu nyingi hurekodi kwa fremu 30 au 60, zisizolingana na kupepesa huko, na hapo mistari hupita juu ya picha. Tafuteni fremu 25 au 50 kwenye mipangilio, rekodini sekunde chache chini ya taa zile zile, na mzitazame kwenye skrini kubwa kabla ya kuwaita wapiga fidla.