Je, mwili wa ng'ombe hukataa mbegu ya fahali?

Wafugaji wa Njoro na Molo wanaponiita kumpima ng'ombe aliyepandishwa mara kadhaa bila kushika mimba, wengi huwa wameshaamua kwamba mwili wake unakataa mbegu ya fahali, na dhana hiyo si ya kupuuzwa. Mwaka 1899 mtafiti wa kinga Karl Landsteiner alionyesha kuwa mbegu za kiume zikidungwa ndani ya mnyama wa spishi nyingine huchochea kinga izishambulie.

La ajabu zaidi ni kwamba hata dume mwenyewe anaweza kuzishambulia mbegu zake. Mfumo wa kinga hujifunza kutambua chembe za mwili mapema maishani, ilhali mbegu huanza kutengenezwa wakati wa kubalehe, zikiwa na antijeni, yaani alama zinazotambuliwa na kinga, ambazo kinga haijapata kuziona. Kwa hiyo seli za Sertoli ndani ya korodani hushikamana kwa nguvu na kuzitenga mbegu zinazokomaa na damu. Kizuizi hicho kikipasuka kwa jeraha au uvimbe, kingamwili, yaani protini za kinga zinazonasa kitu kigeni, zinaweza kutokea, zikazigandamanisha mbegu au kuzizuia kuogelea. Baada ya kufungwa mirija ya uzazi, zaidi ya nusu ya wanaume hupatikana na kingamwili hizo.

Kwa jike, saa chache baada ya kupandwa, seli nyeupe aina ya neutrofili humiminika ndani ya uterasi na kumeza mbegu zilizokufa, zile za ziada na bakteria. Wenye kuona jambo hilo kwa hadubini hushtuka bure, kwani huo ni usafi wa kawaida. Majimaji ya shahawa nayo hubeba TGF-beta, protini inayosaidia kuituliza kinga, ingawa mbegu iliyogandishwa huwa na majimaji hayo kidogo mno na ng'ombe bado hushika mimba.

Hivyo mimi huanza kwa kuuliza joto, yaani dalili za kutaka kupandwa, lilionekana lini, mtungi wa naitrojeni wa kuhifadhia mbegu iliyogandishwa ulitunzwaje, na kama uterasi ina maambukizi. Kingamwili huziweka mwisho kabisa. Wafugaji wengine hubadilisha fahali, na ng'ombe akishika mimba husema mwili wake ulimchukia yule wa kwanza. Antijeni nyingi za mbegu, hata hivyo, ni zilezile kwa mafahali wote, kwa hiyo kama kingamwili dhidi ya antijeni hizo zingekuwa ndizo chanzo, fahali wa pili naye angetarajiwa kushindwa. Ninashuku zaidi ubora wa mbegu ya kwanza, au saa iliyotumika kumpandisha.