Mnyama asiyezeeka hufa na nini?

Waongoza watalii ninaowafundisha hapa Moshi huja darasani na hadithi ile ile kila mwaka: eti mamba hafi kwa uzee, huendelea tu kukua mpaka anashindwa kuulisha mwili wake, ndipo njaa inammaliza. Wameirithi kwa waliowatangulia kazini, na wageni wanaipenda. Siyo kweli. Mamba wanaofugwa na kuletewa nyama hufa kama wengine. Cassius, yule mamba mkubwa wa Australia, alikufa mwaka 2024 akikadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 110, na hakuwa na haja ya kuwinda.

Lakini swali lililo nyuma ya hadithi ni zuri. Yupo mnyama asiyezeeka? Wapo, wachache, ila kwanza tukubaliane tunapima nini. Wengi hutazama umri. Mwaka 2016 watafiti walikadiria papa jike wa Greenland kuwa na miaka kama 392, huku wakikiri kwamba hesabu yao inaweza kupishana kwa miaka 120 kwenda juu au chini. Hata ukichukua ile ya chini, ni miaka mingi mno. Bado haikuambii kama papa huyo hazeeki au anazeeka taratibu sana, na hayo ni mambo mawili.

Kipimo chenyewe kilitoka kwa watu wa bima. Mwaka 1825 Benjamin Gompertz, mwanahesabu wa London, alionyesha kwamba kwa mtu mzima hatari ya kufa hupanda kwa mwendo wa kuzidishana kadiri umri unavyosonga. Kwa takwimu za siku hizi hatari hiyo hujirudufu kila baada ya miaka 8 hivi. Ndiyo maana mzee wa miaka 60 hutozwa bima ya maisha ghali kuliko kijana wa 30. Huko kupanda ndiko tunakokuita kuzeeka. Mvi na makunyanzi ni dalili tu.

Sasa chukua glasi za mgahawani. Kila wiki huvunjika mbili tatu: mhudumu kajikwaa, mteja kagonga meza Simba ilipofunga goli. Glasi iliyonunuliwa jana na iliyokaa kabatini miaka mitatu zina nafasi ile ile ya kuvunjika leo. Zote zitakwisha, na hakuna hata moja iliyozeeka. Mfano huu si wangu. Peter Medawar, mwanabaiolojia wa Uingereza, aliutumia mwanzoni mwa miaka ya 1950, ila yeye alisema mirija ya maabara. Mnyama ambaye hatari yake ya kufa ni tambarare namna hiyo, ndiye naweza kumwita asiyezeeka.

Na yupo karibu kuliko unavyodhani. Hidra huishi kwenye maji yasiyo na chumvi yaliyotulia karibu dunia nzima. Mimi huwatoa kwenye bwawa la samaki linalojazwa na mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachaga, wakiwa wamejishikiza chini ya majani ya magugumaji. Kwa macho utaona uzi mfupi usiofika sentimita moja, na ukitikisa chupa unajikunja na kuwa kidonge. Weka lenzi, subiri atulie. Atajinyoosha polepole, minyiri yake itasambaa, na kiroboto maji akipita na kuugusa mmoja tu, kwisha habari yake: anaganda palepale, minyiri inamvuta mpaka mdomoni, na baada ya muda unaona kivuli chake ndani ya tumbo, maana hidra anapitisha mwanga. Mara nyingi ubavuni pana kinundu chenye minyiri yake midogo. Huyo ni mtoto anayechipua. Siku chache tu naye ataachia aende zake.

Ukimkata vipande viwili, kila kimoja hutengeneza kilichopungua. Abraham Trembley aliliona hilo Uholanzi katika miaka ya 1740 na Ulaya nzima ikashangaa. Swali la kuzeeka lilikuja baadaye sana. Daniel Martínez alifuga hidra kwa miaka 4 na mwaka 1998 akachapisha kwamba hakuona dalili ya vifo kuongezeka na umri. Wengi hawakuridhika. Yeye na wenzake wa Taasisi ya Max Planck, Ujerumani, wakaendelea na hidra 2,256, na matokeo ya mwaka 2015 yakawa yale yale: katika makundi mengi alikuwa akifa takriban mmoja kati ya 167 kwa mwaka, wachanga kwa wakongwe. Kwa mwendo huo, asilimia 5 ya kundi wangekuwa hai hata baada ya miaka 500. Baadhi ya waliokufa walikuwa wamenasa kwenye kifuniko cha chombo wakakauka, au wameangushwa sakafuni. Glasi za mgahawani kabisa.

Siri yake ni kwamba mwili wake wote ni kiwanda cha seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine. Hizo hugawanyika bila kuchoka, na seli za zamani husukumwa kuelekea minyiri na mguu, huko zikapukutika. Kwa wiki chache mwili unakuwa umejibadilisha karibu wote. Jeni moja, FoxO, ina mkono mkubwa katika kuzifanya seli hizo zibaki changa; watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiel walilionyesha hilo mwaka 2012 kwa kuipunguza nguvu. Na kuna sababu ya hidra kugharamia matengenezo hayo. Sisi tumeweka uzazi pembeni, kwenye mayai na mbegu, na mwili uliobaki ni mbebaji tu. Ukishafikisha mzigo, hauna umuhimu tena. Hidra huzaa kwa kuchipua kutoka kwenye mwili huo huo, kwa hiyo akiuacha uchakae na uzao wake umechakaa.

Hata hivyo usiwaambie wageni kwamba hidra wote wako hivyo. Jamii moja, Hydra oligactis, ikiwekwa kwenye maji ya nyuzi 10 hivi huacha kuchipua, hutoa mayai na mbegu, na kwa kawaida baada ya hapo hudhoofika na kufa ndani ya miezi michache. Kwa maoni yangu huyu anafundisha zaidi ya wale wasiozeeka, kwa sababu ni mnyama yule yule ambaye joto la maji tu linamgeuza upande.

Anayepewa sifa nyingi mtandaoni ni konyeza mdogo, Turritopsis dohrnii, mwenye upana wa milimita 4 au 5. Akijeruhiwa au kukosa chakula hujikunja, huzama chini, na kurudi kwenye umbo la utotoni lililojishikiza kama mmea, kisha huanza upya. Watafiti wa Italia walieleza jambo hili kwa kina mwaka 1996, na Shin Kubota wa Japani alishuhudia kundi lake likirudi utotoni mara 10 ndani ya miaka 2. Ni ajabu kweli, lakini neno "asiyekufa" limemzidi. Samaki na kasa humla kama konyeza mwingine yeyote, na hilo gurudumu lake limetazamwa zaidi kwenye vyombo vya maabara.

Kwetu Afrika Mashariki tuna fuko asiye na manyoya, wa Kenya, Ethiopia na Somalia. Siyo yule anayekumalizia viazi vitamu shambani. Huyu ana uzito wa gramu 30 na kitu, meno yamechomoza nje ya midomo, na huishi ardhini kwa makoloni yenye malkia mmoja anayezaa, kama mchwa. Jennifer Jarvis ndiye aliyeutangazia ulimwengu wa sayansi utaratibu huo mwaka 1981. Panya wa ukubwa huo huishi miaka 3 au 4. Fuko huyu hupita 30. Mwaka 2018 Rochelle Buffenstein na wenzake walichambua kumbukumbu za maelfu ya fuko na kukuta hatari ya kufa haipandi kama Gompertz alivyotabiri. Mnyonyeshaji wa kwanza kuvunja kanuni hiyo! Saratani kwake ni nadra, ingawa si kwamba hapati kabisa. Nami ningeishia hapo kama si kazi za mwaka 2022: alama za kemikali kwenye vinasaba vyake hubadilika na umri, kwa malkia polepole zaidi. Kwa hiyo saa inatembea. Kwa nini kutembea huko hakuonekani kwenye hesabu ya vifo ndilo fumbo linalonipendeza kuliko yote.

Mlinganishe na tembo wa Tarangire. Tembo ana nakala 20 hivi za TP53, jeni inayozuia saratani, wakati sisi tuna moja. Mwili wa kudumu basi? Angalia mdomo. Hupewa seti 6 za magego kwa maisha yote, yakisogea kutoka nyuma kwenda mbele, na ya mwisho husagika akiwa kwenye miaka 60. Hapo ndipo unawaona wazee wakiganda kwenye vinamasi vyenye nyasi laini. Wageni wakiuliza kwa nini, waambie ni meno. Mamba yeye huota meno mapya maisha yake yote, na bado anazeeka.

Kobe nao wanastahili kutajwa, hasa kwa mnaopeleka wageni Changuu kule Zanzibar. Tafiti za mwaka 2022 za kobe na kasa wanaofugwa zilionyesha wengi huzeeka polepole sana, wengine karibu si kabisa. Lakini Jonathan wa kisiwa cha Saint Helena, anayekadiriwa kuanguliwa mwaka 1832, alipofuka kwa mtoto wa jicho na pua yake hainusi tena.

Ukitaka kumwona asiyezeeka mwenyewe, chota maji ya bwawa pamoja na majani kwenye chupa angavu, iache karibu na dirisha pasipo jua kali usiku kucha. Asubuhi kagua kuta za chupa upande wa mwanga. Ukimaliza, warudishe bwawa lile lile ulikowatoa. Hidra hula vifaranga vya samaki, na mwenye bwawa la jirani hatataka kusikia habari za miaka 500.