Mikono ya Lady Macbeth

Nafundisha uigizaji na fasihi, na kila mwaka wanafunzi wapya huniletea kosa lile lile: mhusika akifadhaika, wao wanapiga mayowe. Wanajishika kichwa, wanajitupa chini, basi wanaona kazi imekwisha. Lakini msongo wa mawazo mara nyingi hauna sauti, na mwandishi hodari huutafutia pengine pa kutokea.

Chukua Macbeth, tamthilia ya Mwingereza William Shakespeare ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1968. Usiku ule Macbeth alipomuua mfalme Duncan kwa kuchochewa na mkewe, Lady Macbeth, mke huyo ana damu mikononi, damu kwelikweli, na anamwambia mumewe kwamba maji kidogo tu yatawasafisha. Hatetemeki. Tukimkuta tena katika tendo la tano, mikono ni misafi, na sasa ndipo haitakasiki. Anatembea usingizini, taa mkononi kwa sababu ameagiza isikose karibu yake, halafu anaanza kusugua viganja. Mhudumu wake anamwambia daktari kwamba amewahi kumwona akifanya hivyo robo saa nzima.

Robo saa! Nilimwomba mwanafunzi mmoja asugue kwa dakika nne tu, bila neno. Dakika ya kwanza wenzake walicheka. Ya pili wakanyamaza. Ya tatu alikuwa akifuata mistari ya kiganja kwa ukucha, polepole, kama anayetoa mwiba, na mmoja wao akaninong'oneza: mwalimu, mwambie aache.

Sikiliza pia usemi wake. Mama huyu tangu mwanzo Shakespeare amempa ushairi wenye mizani. Hapa anasema kwa nathari, lugha ya kawaida isiyo ya kishairi, vipande vipande: mara damu ya yule mzee Duncan, mara mke wa mkuu wa Fife, ambaye Macbeth aliamuru auawe, mara kengele, mara mlango unagongwa. Mizani imekatika. Kwangu mimi hilo linatisha kuliko damu yenyewe.

Riwaya haina mikono ya kutazamwa jukwaani, ila inaweza kutuingiza kichwani mwa mtu. Katika Kichwamaji (1974), Euphrase Kezilahabi amemwachia Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, asimulie mwenyewe. Tunayasikia mawazo yake juu ya dada yake Rukia, juu ya Manase aliyempa mimba, juu ya Mungu na maana ya kuishi. Anajieleza vizuri mno, na hapo ndipo tunapodanganyika, maana mtu anayejieleza vizuri tunamdhania mzima. Anapojiua, unafungua tena kurasa za mwanzo na kukuta dalili zilikuwa wazi, zimesemwa kwa sauti ya kawaida kabisa.

Kwa hiyo wanafunzi wangu wakitaka kumpandisha Kazimoto jukwaani, kilio nawakataza. Nawaambia waketi kwenye kigoda na waseme maneno yake taratibu, kama mtu anayehesabu magunia ya mpunga baada ya mavuno.