Acheni kupiga sevu kwenda chini

Kila anayejifunza tenisi bila kocha hapa Mwanza anapewa ushauri uleule na kila anayempita uwanjani: "Upige mpira kwenda chini, uingie boksini," yaani kwenye kisanduku kilichochorwa ng'ambo ya wavu ambamo sevu lazima idondoke. Ndugu zangu, huo ushauri ndio unaozijaza sevu zenu, ile mipigo ya kuanzisha pointi, wavuni.

Tufanye hesabu. Mtu wa kimo cha kawaida anaugonga mpira kwenye mita 2.6 hivi. Kutoka mstari wa nyuma hadi wavuni ni mita 11.885. Mpira wa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, unafika wavuni kwa sekunde 0.59, na mvutano wa dunia umeshaushusha mita 1.73. Hata ukiupiga sambamba na ardhi, unafika ukiwa sentimeta 87. Wavu katikati ni sentimeta 91.4. Sasa ukiuinamisha, utapitia wapi? Wachezaji wa kwenye televisheni wana zaidi ya mara mbili ya kasi hiyo, na hata wao wanainamisha digrii chache tu. Kinachotudanganya ni mkono unaomalizia chini baada ya mpira kuondoka.

Mshiko: shika raketi kama nyundo. Basi.

Halafu piga magoti nyuma ya mstari wa nyuma, kanga iliyokunjwa chini ya magoti, upige sevu ukiwa hapo. Ukipiga kwenda chini mpira hauvuki kamwe, kwa hiyo mkono unalazimika kupanda. Raketi iparaze mgongo wa mpira kutoka chini kwenda juu; mzunguko huo ndio unaoushusha ndani ya boksi. Zikianza kuvuka, simama, usibadilishe kitu.

Kurusha mpira: rusha bila kupiga, udondoke sentimeta 30 hivi ndani ya uwanja, mbele ya mguu wa mbele. Wapo wanaosisitiza kurusha juu sana. Hapo nina shaka. Mchana upepo wa ziwa ukiingia Capri Point, mtaa wa kando ya ziwa hapa Mwanza, mpira uliorushwa juu unahama kabla raketi haijafika. Usirushe juu sana, au jizoeze asubuhi.

Simu iweke pembeni, irekodi mwendo wa polepole. Tazama kitu kimoja: mpira ukitoka kwenye nyuzi unaelekea wapi? Sevu ikipitiliza boksi usirudi kuinamisha. Ongeza kuparaza.