Je, wajua? Kabla ya Sauron, palikuwa na paka

Wasomaji wa J.R.R. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, wanamjua Sauron, yule adui aliyemfunga shujaa Beren gerezani mpaka mpenzi wake Lúthien akaja kumwokoa. Lakini kisa hicho kilipoandikwa mara ya kwanza, mwaka 1917, Sauron hakuwemo. Aliyemshika Beren alikuwa paka.

Jina lake Tevildo, Mkuu wa Paka: mweusi kama makaa, macho membamba yanayong'aa mekundu na kijani, sharubu kali kama sindano, mkoromo wake kama ngoma. Shingoni alivaa ukosi wa dhahabu. Beren alipopelekwa kwake kuwa mtumwa, alijaribiwa kwa kuambiwa akamate panya watatu. Akashindwa, basi akatupwa jikoni: kusugua sakafu, kuosha vyombo, kupasua kuni, kuteka maji, na kugeuza mishikaki ya ndege na panya wanono waliokuwa wakibanikwa kwa ajili ya mapaka.

Aliyemwokoa ni Tinúviel, ndiye Lúthien wa baadaye, akisaidiwa na mbwa mkuu, Huan. Alimdanganya Tevildo kwamba Huan amelala msituni, mgonjwa, hajiwezi. Tevildo akaenda kummaliza, akaishia kukwea mti huku Huan akimngoja chini. Ili aponye roho yake, akautoa ule ukosi pamoja na maneno ya uchawi yaliyoshikilia mawe ya ngome yake. Tinúviel alipoyatamka, ngome ikaporomoka na mapaka yote yakanywea, yakawa na kimo cha hawa tunaowafuga.

Kwa nini basi Tevildo aliondolewa? Mimi naona sababu imo humohumo. Kisa cha 1917 kilikuwa pia hadithi ya asili, ya kueleza uadui wa paka na mbwa, kama zile ngano zetu zinazoishia na "ndiyo maana hadi leo". Tolkien alipoanza kukitunga upya kwa ushairi mwaka 1925, alitaka kitisho kizito zaidi, na paka anayeishia kukimbilia mtini hawezi kukibeba. Akaja Thû, bwana wa mbwa mwitu, ambaye baadaye aliitwa Sauron.

Mifupa ya kisa ilibaki: ngome, mfungwa, Huan, mawe yanayoachana uchawi ukifunguliwa. Lile jiko la panya wa kubanika halikurudi tena. Wasomaji walilikuta mwaka 1984, Christopher, mwanawe Tolkien, alipoichapisha rasimu ya zamani zaidi iliyosalia, miaka 11 baada ya baba yake kufariki.