Mabua, Mbolea na Gugumaji: Kaboni na Nitrojeni Zinavyozunguka Magharibi mwa Kenya

Kila mwaka, kabla mvua za masika hazijaanza, moshi hutanda juu ya mashamba kuanzia Bungoma hadi tambarare za Kano. Wakulima huchoma mabua ya mahindi ili shamba liwe jepesi kulimwa. Wengi wao ndio hao hao wanaotuletea sisi wa maabara sampuli za udongo wakiuliza: mbona naweka mbolea kila msimu na mavuno hayaongezeki? Moshi ule ni sehemu kubwa ya jibu, na ili kuuelewa hatuna budi kuzifuata kaboni na nitrojeni, maana hizi mbili husafiri pamoja. Ukiifukuza moja shambani, nyingine haikai.

Tuanze na kaboni, ambayo habari yake ni fupi. Jani la mhindi huvuta hewa ukaa na kwa nguvu ya jua huigeuza kuwa sukari, kisha shina, kisha punje. Bua likikauka, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni, na yote hiyo ilitoka hewani, si ardhini. Bua likioza, bakteria na kuvu hulila. Sehemu kubwa wanaipumua na kuirudisha hewani ikiwa hewa ukaa. Sehemu ndogo hubaki imeshikamana na chembe za mfinyanzi, na hiyo ndiyo mboji inayoupa udongo rangi nyeusi na uwezo wa kushika maji. Udongo wa dunia nzima umeficha kaboni nyingi kuliko ile iliyo hewani na kwenye mimea yote kwa pamoja. Ndiyo maana shamba lililofyekwa pembezoni mwa msitu wa Kakamega huzaa vizuri miaka ya mwanzo: linakula akiba ya mboji iliyowekwa na msitu kwa karne nyingi. Akiba hiyo hupungua kwa kasi miaka ya mwanzo, kisha polepole, hadi mkulima anabaki na udongo mwekundu unaoganda jua likiwaka.

Nitrojeni ni ngumu zaidi. Asilimia 78 ya hewa tunayoivuta ni nitrojeni, lakini mhindi unaweza kufa njaa ya nitrojeni huku umezungukwa nayo. Atomu zake hutembea mbilimbili, zimefungwa kwa vifungo vitatu ambavyo hakuna mmea unaoweza kuvikata. Radi hukata kidogo, na mvua huleta kidogo hicho ardhini. Viwanda navyo hukata. Mwaka 1909 mwanakemia Mjerumani Fritz Haber alifaulu kuunganisha nitrojeni ya hewa na haidrojeni ili kupata amonia, na mwaka 1913 Carl Bosch alikuwa ameigeuza njia hiyo kuwa kiwanda huko Oppau. Mbolea ya yurea inayouzwa Kisumu leo imetokana na kazi hiyo. Kazi yenyewe inataka joto kali na mgandamizo mkubwa, na gesi asilia kwa wingi, ndiyo sababu bei ya gesi ilipopanda duniani mwaka 2022, mkulima wa Vihiga aliumia dukani.

Wakataji wa tatu ni bakteria, nao hawauzi. Wale waitwao rizobia huingia kwenye mizizi ya mimea ya jamii ya kunde na kujenga vinundu. Mmea huwapa sukari, yaani kaboni, nao huupa mmea nitrojeni. Kila mkulima anaweza kupima kama biashara hiyo inaendelea. Ng'oa mche mmoja kwa uangalifu unapoanza kutoa maua, uoshe mizizi, upasue kinundu kwa ukucha. Ukiona rangi ya waridi au nyekundu ndani, bakteria wanafanya kazi. Ukiona nyeupe, kijani au kijivu, umelisha vinundu bure. Ningependa watu wajue pia kwamba maharagwe yetu ya kawaida ni dhaifu katika kazi hii. Kunde, njugu karanga na soya huyapita. Kwa soya hasa, inafaa kuipaka mbegu bakteria wake kabla ya kupanda, kwa kuwa mara nyingi wanaoifaa hawapo kwenye udongo wetu kwa wingi.

Hata hivyo kunde haiachi utajiri shambani kwa kupandwa tu. Nitrojeni nyingi huhamia kwenye punje, na punje huliwa au huuzwa. Iliyobaki iko kwenye majani na mizizi, nasi tuna mazoea ya kung'oa mmea mzima, kuupeleka uani, kuupura na kuyaacha maganda huko huko. Tazama migomba iliyo nyuma ya jiko katika boma lolote la Maragoli au Bunyore: imenawiri, wakati mahindi ya shamba la mbali ni ya manjano. Udongo haukuzaliwa tofauti. Kwa miaka mingi rutuba imekuwa ikibebwa kichwani kutoka shambani hadi nyumbani, na hairudi.

Sasa tufanye hesabu. Gunia la mahindi la kilo 90 lina karibu kilo 1.4 za nitrojeni. Ekari iliyotoa magunia 20 imepoteza kilo 28 hivi kwa punje pekee. Mkulima aliyepanda na mfuko mmoja wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ameleta kilo 9. Akiongeza mfuko mmoja wa CAN, mbolea ya kukuzia, ameleta kama kilo 13 nyingine. Jumla ni 22, tena tukidhani hakuna hata chembe iliyopotea njiani. Pengo linajazwa na mboji ya zamani. Mabua yakichomwa, pengo linapanuka, kwa kuwa nitrojeni iliyomo karibu yote huondoka na moshi. Jivu hubaki na potasiamu, chokaa na fosforasi, kwa hiyo mahali palipochomwa huota kijani kizuri msimu wa kwanza. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika.

Wanaochoma wana hoja moja ya kweli, nami naiheshimu. Wanasema ukifukia mabua, mahindi yanakuwa ya manjano. Ni kweli. Mwili wa bakteria unahitaji sehemu moja ya nitrojeni kwa kila sehemu nane hivi za kaboni, lakini bua kavu lina kaboni mara 60 au zaidi ya nitrojeni yake. Bakteria wakipewa chakula cha namna hiyo, hutafuta nitrojeni iliyobaki kwenye udongo, na wanaipata kabla ya mzizi wa mhindi. Dawa ni kuwapa muda na kitoweo. Fukia mabua mara tu baada ya kuvuna, si wiki ya kupanda. Au yarundike pamoja na samadi mbichi na majani mabichi hadi yaive. Majani yanayofaa yamejaa kando ya barabara zetu: tithonia, lile ua la manjano lenye majani machungu lililofanya uzio wa maboma mengi Siaya na Vihiga. Majani yake makavu yana takriban asilimia 3.5 ya nitrojeni, na majaribio yaliyofanywa magharibi mwa Kenya miaka ya 1990 yaliyatumia moja kwa moja kama mbolea. Tithonia haina rizobia, inahamisha tu rutuba kutoka pembeni mwa shamba hadi katikati, kwa hiyo haitoshi peke yake.

Ambaye shamba lake limevamiwa na kayongo (striga), linalonyonya mizizi ya mahindi, anajua jinsi gugu hilo linavyopenda udongo uliochoka. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichoko Mbita kilitumia desmodiamu, iliyo ya jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake hulizuia kayongo, majani yake hulishwa ng'ombe, na nitrojeni inaongezeka. Naiona kuwa mojawapo ya kazi bora za utafiti zilizowahi kufanyiwa mkulima mdogo katika eneo hili.

Kuna nitrojeni inayopotea bila moto. Bakteria wa udongo hugeuza amonia kuwa nitreti, na wakati chembe za mfinyanzi huishika amonia, nitreti huziponyoka na kufuata maji. Mbolea ya kukuzia ikimwagwa yote siku moja kabla ya mvua kubwa ya Aprili, nyingi huenda. Igawe mara mbili. Yurea ifukiwe, kwa kuwa ikiachwa juu ya udongo hutoa amonia hewani. Na pale maji yanapotuama, bakteria wasio na oksijeni huigeuza nitreti kuwa gesi. Nyingi ni nitrojeni ya kawaida isiyo na madhara, lakini sehemu yake ni oksidi ya nitrasi, ambayo kilo moja hupasha dunia joto zaidi ya mara 250 kuliko kilo moja ya hewa ukaa.

Inayofuata maji huingia Nyando, Nzoia, Yala au Sondu Miriu, na mwisho wake ni Ziwa Viktoria. Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa hilo unaoingia Kenya, haina kina kirefu na mlango wake ni mwembamba, kwa hiyo kinachoingia hukaa. Maji machafu ya miji yanachangia pia, si wakulima pekee. Gugumaji lilipofika ziwani karibu na mwaka 1990 lilikuta meza imeandaliwa. Nitrojeni ikipungua, mwani wa kijani-bluu huikamata wenyewe kutoka hewani mradi fosforasi ipo, na fosforasi husafiri na udongo unaomomonyoka, hivyo makinga maji na nyasi za nepia mlimani ni ulinzi wa ziwa. Mwani na gugumaji vikifa, bakteria wanaoviozesha humaliza oksijeni majini, na samaki hukosa pumzi.

Kabla ya kufika ziwani, maji hayo yalikuwa yakipita kwenye mafunjo ya Dunga, ya mdomo wa Nyando na ya kinamasi cha Yala. Humo mashina hunyonya nitrojeni, matope hugeuza nitreti kuwa hewa, na majani yaliyokufa hayaozi vizuri kwa kukosa oksijeni, hivyo kaboni hulundikana. Sehemu ya Yala ilianza kukaushwa miaka ya 1960. Kinamasi kikikauka, kaboni ya miaka mingi hupata oksijeni na kurudi hewani. Fundi wa mikeka anayekata mafunjo hadhuru kitu: anatoa nitrojeni majini kwa kila mzigo, mradi asing'oe vitako vya mizizi, na asubiri mashina yakomae tena kabla ya kurudi mahali pale pale. Anayeyachoma ili apande mboga hupata misimu michache mizuri, kisha anahitaji mfuko wa mbolea kama jirani yake wa mlimani.