"Geji imekufa": maneno yaliyozichosha HiAce nyingi za zamani

Dashibodi ya Toyota HiAce ya zamani, ile ya umbo lililoanza mwaka 1989, haina siri kubwa. Mwenye bisibisi na subira ataifungua na kuirudisha. Urahisi huo ndio unaotuponza: kitu kikigoma kwenye dashibodi tunabadilisha kitu cha kwenye dashibodi, wakati ugonjwa mara nyingi uko mbali na hapo. Haya ndiyo maneno yanayotuponza.

"Geji ya temperecha haipandi, nunua nyingine."

Kosa hili nililifanya mwenyewe, tena mara mbili. Nilinunua geji mbili za mtumba, na zote zikalala pale pale chini. Geji haikuwa na shida yoyote. Aliyefunga sensa (kipimo cha joto la maji) kwenye injini alizungusha tepu nyeupe ya mabomba kwenye nyuzi zake za kukazia, mizunguko mingi mno. Sensa ya geji yenye waya mmoja hupata arthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kupitia nyuzi zile zile zinazoshika chuma cha injini. Ukizifunika kwa tepu, umeikatia njia.

Kipimo chake ni cha dakika tano. Chomoa waya wa sensa, zungusha ufunguo bila kuwasha injini: mshale ulale kwenye baridi. Kisha gusisha waya huo kwenye chuma cha injini kwa sekunde chache, ukipitia balbu ndogo kama ile ya dashibodi ili usiunguze geji. Mshale ukipanda, geji ni nzima na waya ni mzima. Shughulika na sensa. Usipopanda, fuatilia waya kwanza, geji iwe ya mwisho.

Geji ya mafuta na ya temperecha zikidanganya kwa pamoja, usinunue hata moja. Nyuma ya dashibodi nyingi za zamani, geji hizo hugawana umeme uliopunguzwa na kidhibiti kimoja, pamoja na arthi moja. Skrubu na nati zinazoshikilia geji ndizo pia zinazopitisha umeme. Zikilegea au zikishika kutu, mishale huanza kucheza. Zitoe, zisugue kwa msasa laini, zikaze.

"Mshale uko chini, injini haijachemka."

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu linaua silinda hedi (sehemu ya juu ya injini) za watu wanaotegemea gari hilo kula. Sensa hupima maji yanayoigusa. Maji yakiisha kabisa kwa paipu iliyopasuka, sensa hubaki hewani, na mshale unaweza kushuka wakati chuma kinaungua. Mshale uliozoea kukaa katikati ukishuka ghafla mlimani, simama pembeni, zima, subiri injini ipoe, ndipo ufungue mfuniko wa rejeta.

"Taa ya oili haiwaki, maana yake oili iko sawa."

Inategemea haiwaki lini. Ufunguo ukizungushwa kabla injini haijawaka, taa hiyo lazima iwake, kwa sababu hakuna presha bado. Injini ikiwaka, ndipo izime. Isiyowaka kabisa ina balbu iliyokufa, waya uliochomoka, au mtu aliitoa kwa makusudi ili auze gari. Ukienda kununua gari la zamani, anza na kipimo hiki.

Taa ya betri nayo si pambo. Kwenye alteneta (mashine inayochaji betri) nyingi za zamani, umeme mdogo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha alteneta ianze kuchaji. Balbu ikifa, au ukiweka ya LED isiyopitisha umeme wa kutosha, unaweza kununua betri mpya bure.

"Fyuzi inakatika kila siku, weka kubwa."

Hapana. Fyuzi inalinda waya. Mahali pa ampea 15 ukiweka 30, waya ndio utakaogeuka fyuzi, nyuma ya plastiki kavu ya dashibodi.

Swichi ya taa kubwa inayoyeyuka ina hadithi inayofanana. Balbu mbili za wati 60 kwenye volti 12 huvuta ampea 10. Ukiweka za wati 100, ni karibu ampea 17. Kwenye gari ambalo umeme wote huo unapita kwenye swichi yenyewe, pointi zitaungua, na swichi mpya utakayoweka itaungua pia. Rudisha balbu zake, au funga rilei, swichi ya pembeni inayobeba umeme mkubwa, ili swichi yenyewe ibebe mzigo mdogo.

"Indiketa inakimbia, flasha imekufa."

Flasha ya zamani, kifaa kinachowasha na kuzima indiketa, mara nyingi hukimbia kwa sababu balbu moja imeungua. Zunguka gari kwanza. Pande zote mbili zikikataa lakini hazadi inawaka, bonyeza swichi ya hazadi mara ishirini hivi: kwenye magari mengi umeme wa indiketa hupita humo, na pointi zisizotumika hushika uchafu.

"Soketi ikiingia, inafaa."

Soketi ya dashibodi ya mtumba inaweza kuingia na waya ndani zikawa zimepangwa tofauti. Linganisha rangi na kazi ya kila waya, na utoe temino hasi ya betri kabla ya kuvuta chochote. Geji ya mizunguko ya injini ya petroli husoma kutoka kwenye koili ya moto. Dizeli haina koili hiyo, kwa hiyo mshale hautasogea. Geji ya mafuta nayo lazima ielewane na boya la tenki lako.

Halafu kuna kilomita. Ukibadilisha dashibodi nzima, umebeba safari za gari la mtu mwingine. Piga picha namba ya zamani na ya mpya, andika tarehe, weka kwenye faili la gari, na siku ya kuuza mwonyeshe mnunuzi zote mbili.